Samaki Amlaye Mwenzake: Malezi ya Vifaranga wa Kambale Katika Nyanda za Baridi



Ndugu msomaji, ufugaji wa samaki umeanza kuingia katika nyua za nyumba zetu. Wapo waliochimba mabwawa madogo kando ya bustani, wapo waliokata matangi ya plastiki ya lita 1,000 na kuyaweka nyuma ya jiko, na wapo walionunua tangi la kioo na kuliweka sebuleni ili watoto wafurahie. Katika wiki za karibuni maswali mengi yaliyoletwa kwetu baada ya swala ya Ijumaa yamemhusu samaki mmoja tu, naye ni kambale. Swali linalorudiwa zaidi ni hili: mbona vifaranga wangu hawakui, na mbona kila nikihesabu nakuta wamepungua?

Maswali hayo mawili yana jibu moja, na wiki hii tumeona tulieleze kwa kirefu. Kutolijua kumewatia watu hasara ya fedha, na katika nyumba moja kulikaribia kuvunja undugu.

Kambale ni samaki wa namna gani

Kambale, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, ni samaki asiye na magamba, mwenye kichwa bapa na ndevu nane mdomoni. Kwa ndevu hizo hupapasa na kunusa chakula gizani, kwa kuwa hupenda kutembea usiku. Juu ya mashavu yake ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa, na ndiyo maana huonekana akipanda juu, akivuta pumzi na kushuka tena. Kwa sababu hiyo huweza kuishi kwenye maji machache yenye matope, mahali ambapo perege angekufa kwa kukosa pumzi.

Zaidi ya hayo, kambale ni mwindaji. Hula wadudu, vyura, konokono na samaki wadogo. Asipopata hao, au wenzake wakiwa wadogo kuliko yeye, huwala wenzake. Usidhani kwamba ni ugonjwa au kwamba umeuziwa mbegu mbaya. Ndivyo alivyoumbwa, na mfugaji anayemlea bila kulikumbuka hilo anafanana na mtu anayefungia paka na vifaranga wa kuku katika banda moja.

Vifaranga wa kambale hulana kwa njia mbili. Ya kwanza huonekana wakiwa wadogo sana na wanakaribiana kwa ukubwa. Mmoja humkamata mwenzake mkiani, humla nusu, kisha hukiacha kichwa kwa kuwa hakipiti mdomoni. Hapo mfugaji hukuta vichwa na mabaki chini ya tangi. Njia ya pili huja pale baadhi yao wanapowazidi wenzao kwa ukubwa. Mkubwa humkamata mdogo kichwani na kummeza mzima. Hapo hakibaki kichwa, wala mwiba, wala harufu ya mzoga. Unahesabu leo, unahesabu wiki ijayo, na idadi inapungua kana kwamba mtu anakuja usiku na ndoo.

Mtoto aliyesingiziwa wizi

Kuna familia moja, sitaitaja wala sitautaja mtaa wake, iliyonunua vifaranga 300 na kuwaweka katika tangi nyuma ya nyumba. Kazi ya kuwalisha alipewa kijana wa miaka kumi na mitatu, yatima, mtoto wa dada wa mwenye nyumba. Baada ya wiki tatu walihesabiwa, wakapatikana 214. Hakukuwa na samaki hata mmoja aliyeonekana amekufa. Mjomba akakumbuka kwamba kijana alikuwa akienda tangini jioni peke yake, na kwamba jirani naye alikuwa amechimba bwawa mwezi ule ule. Akajumlisha mambo hayo mawili na kupata wizi.

Kijana alipoulizwa alisema, "Wallahi mjomba, sikuwagusa." Hakuaminiwa. Iliamuliwa arudishwe kwa ndugu wa upande wa baba yake, jambo ambalo lingemkatisha shule na madrasa. Shauri lililetwa mbele ya kamati ya msikiti siku mbili kabla ya safari, si kwa kumtetea kijana, bali kwa kumshtaki jirani aliyedhaniwa kununua mali ya wizi.

Alhamdulillah, katika kikao kile alikuwemo mzee mmoja aliyewahi kuvua kwa miaka mingi. Aliuliza swali moja tu: "Hao waliobaki, wanalingana?" Mwenye nyumba akajibu kwamba hapana, wapo wachache walionona sana, naye alikuwa akijivunia hao. Mzee akaomba maji yapunguzwe mbele ya watu wote. Walipatikana kambale kumi na moja wenye ukubwa wa mara tatu au nne ya wenzao, na mmoja wao alikuwa bado na mkia wa mwenzake unaoning'inia mdomoni.

Mjomba aliinama kwa muda, kisha akamwita kijana na kumwomba radhi mbele ya jirani na mbele ya kamati. Kijana hakusema neno. Alichukua ndoo akaanza kuwatenga wale kumi na mmoja.

Nimelisimulia hili kwa idhini yao, kwa sababu dhana ni jambo jepesi kuingia moyoni na zito kuliondoa. Mwenye elimu kidogo ya samaki angeuliza habari za tangi kabla ya kuuliza habari za mtoto. Basi na tuitazame elimu hiyo, hatua kwa hatua.

Ukuaji wenye afya ni upi

Watu wengi hudhani kwamba kifaranga bora ni yule anayekua haraka kuliko wote. Katika kambale si hivyo. Tangi lenye afya ni lile ambalo samaki wake wanakua kwa kulingana. Samaki mmoja anayewaacha wenzake mbali ni dalili ya mambo mawili: ama chakula hakiwafikii wote, ama yeye ameshapata chakula kingine, na chakula hicho ni wenzake.

Yai la kambale katika maji ya nyuzi joto 25 hadi 28 huanguliwa kwa muda wa siku moja au siku moja na nusu. Kwa siku kama tatu za mwanzo mtoto huishi kwa kiini alichozaliwa nacho tumboni, hahitaji kulishwa. Baada ya hapo huhitaji chakula cha hai, hasa vijidudu vidogo vya majini, na huhitaji maji yenye hewa nyingi, kwa kuwa kile kiungo cha kuvutia hewa ya juu hakijakamilika. Kiungo hicho huanza kufanya kazi baada ya wiki mbili au tatu. Kifaranga aliyelelewa vizuri katika maji ya joto hufikia gramu 1 hadi 3 katika wiki ya tano au ya sita, na gramu 5 hadi 10 katika wiki ya nane hadi ya kumi. Akiendelea kulishwa vizuri katika joto hilo, huweza kufikia nusu kilo au zaidi kwa muda wa miezi sita hadi minane.

Zingatia maneno hayo: katika maji ya joto. Takwimu nyingi zinazosomwa katika vijitabu vya ufugaji zimetokana na maji ya nyuzi 25 hadi 30, ambayo ndiyo anayoyapenda kambale. Sisi tunaishi nyanda za juu. Mji wa Mbulu upo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Hanang vinapata upepo na ukungu mwezi wa Juni na Julai kiasi cha watu kushinda wamevaa makoti. Maji ya tangi lililo nje katika miezi hiyo yakishuka chini ya nyuzi 20, kambale hula kidogo mno na ukuaji wake hupungua sana. Hakuna ubaya wowote kwa samaki huyo. Damu ya samaki hufuata joto la maji, na tumbo lake hufuata damu yake.

Kwa hiyo, usimlinganishe kambale wako wa Mbulu na wa ndugu yako aliye Morogoro au Dar es Salaam. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Chukua samaki 20 bila kuchagua, wapime pamoja kwa mizani ya jikoni ndani ya chombo chenye maji ambacho umekipima kwanza, kisha gawanya. Ikiwa samaki 20 wamepata gramu 80, kila mmoja ana wastani wa gramu 4. Wiki ijayo wakipata gramu 110, wastani ni gramu 5.5, na hao wanakwenda vizuri, kwa maana watakuwa wameongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Ikiwa wastani hausogei kwa wiki mbili mfululizo, usikimbilie kuongeza chakula. Pima kwanza joto la maji, kisha tazama usafi wake.

Mtazame pia samaki mwenyewe. Mwenye afya ana mwili uliojaa kwa uwiano na kichwa, ngozi yenye utelezi na ndevu ndefu zisizokatika. Mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba kama kijiti huyo ana njaa ya siku nyingi. Mwenye tumbo lililofura kama puto huenda amelishwa kupita kiasi, na vifaranga wa namna hiyo katika maji ya joto hufa ghafla kwa utumbo kupasuka.

Kuwachambua kwa ukubwa

Hii ndiyo kazi ambayo wafugaji wengi huiacha, nayo ndiyo inayookoa samaki wengi zaidi. Kuanzia wanapofikisha wiki mbili au tatu, vifaranga wachambuliwe kila baada ya siku saba hadi kumi, mpaka wafikie gramu 10 hivi. Baada ya hapo inatosha kila wiki mbili au tatu, kwa kuwa kadiri wanavyokua ndivyo tofauti zao zinavyopungua hatari.

Huhitaji mashine. Chukua ndoo mbili za plastiki. Moja itoboe matundu yaliyolingana kwa msumari uliotiwa moto, kisha uyalainishe matundu hayo yasimchubue samaki. Iweke ndoo yenye matundu ndani ya beseni la maji, mimina vifaranga humo, na uwaache dakika chache. Wadogo watapita, wakubwa watabaki. Wakubwa wapelekwe katika tangi lao. Wakiwa wachache na huna tangi jingine, ni afadhali kuwauza, kumpa jirani mwenye bwawa la kambale wakubwa, au kuwala, kuliko kuwarudisha. Wakubwa kumi wanaweza kukumalizia wadogo mia.

Fanya kazi hiyo asubuhi kabla ya kuwalisha. Lowesha mikono yako kwanza, maana mkono mkavu huondoa ute unaolinda ngozi. Wafundishe watoto kujihadhari na miiba miwili iliyo kwenye mapezi ya kifuani, kwani huchoma na kuuma sana.

Mambo mengine matatu hupunguza kulana. La kwanza ni kivuli. Kambale aliye kwenye mwanga mkali huwa na wasiwasi na ugomvi, hivyo funika theluthi mbili za tangi kwa ubao au turubai. La pili ni maficho. Vipande vya bomba la plastiki vikilazwa chini humpa mdogo pahali pa kukimbilia. La tatu ni mlo wa mara kwa mara. Wadogo kabisa walishwe mara tano au sita kwa siku, wa gramu 5 mara nne, wa gramu 50 na zaidi mara mbili au tatu, na mlo mmojawapo uwe wa jioni giza linapoingia. Mwenye njaa ndiye anayetazama mkia wa mwenzake.

Chakula: kiasi na aina

Kambale mdogo anahitaji chakula chenye protini nyingi, asilimia 40 hadi 50. Akikua hutosheka na asilimia 30 hadi 35. Pumba tupu za mahindi, ambazo wengi huwapa kwa sababu zipo nyumbani, hujaza tumbo bila kujenga mwili.

Katika wilaya zetu Mwenyezi Mungu ametujaalia malighafi njema. Tuna mashudu ya alizeti, tuna pumba za ngano kutoka mashamba ya Hanang, na dagaa wa Ziwa Victoria hufika sokoni. Mchanganyiko wa sehemu mbili za unga wa dagaa safi wasio na mchanga, sehemu moja ya soya iliyokaangwa na kusagwa, na sehemu moja ya pumba za ngano hufikia takriban asilimia 40 ya protini. Soya lazima ipitie moto, kwa kuwa mbichi huzuia umeng'enyaji. Saga kila kitu laini, chekecha, kandia kwa maji kidogo, anika kivulini, kisha vunja punje kulingana na mdomo wa samaki. Mashudu ya alizeti yawekwe kwa wakubwa, kwani yana makapi mengi yasiyofaa kwa wadogo.

Kiasi hupimwa kwa uzito wa samaki, si kwa kiganja. Vifaranga wa gramu 4 hadi 10 hupewa asilimia 5 hadi 8 ya uzito wao kwa siku. Kwa mfano wetu wa juu, samaki 200 wenye gramu 4 wana uzito wa gramu 800. Asilimia 6 yake ni gramu 48, ambazo ukizigawa katika milo minne ni gramu 12 kila mlo. Wakifikia gramu 100 hupewa asilimia 3 hadi 4, na wakubwa asilimia 2. Maji yakiwa baridi punguza, na siku ya ukungu mzito unaweza kuruka mlo mmoja. Chakula kinachobaki baada ya dakika kumi na tano ni ziada. Kitoe, vinginevyo kitaoza na kuwa sumu.

Nunua au tengeneza chakula cha wiki chache tu. Kikikaa muda mrefu, hasa mahali penye joto na unyevu, hupoteza vitamini C, na kambale anayeikosa kwa muda mrefu hupata vidonda na mipasuko kichwani ambayo watu huidhani kuwa ni matokeo ya kupigana.

Hapa lipo suala la kisheria ambalo wasomaji wameliuliza. Wapo wanaoambiwa wawalishe kambale kinyesi cha kuku, damu ya machinjioni au mizoga ili wanone kwa gharama ndogo. Samaki asili yake ni halali wala hahitaji kuchinjwa. Lakini fiqhi inamzungumzia mnyama ambaye najisi ndiyo chakula chake kikuu, aitwaye jallala. Ikidhihiri athari ya najisi katika nyama yake kwa harufu au ladha, huzuiliwa na kulishwa chakula safi mpaka athari hiyo iondoke. Ushauri wetu kwa familia ni kujiepusha na chakula hicho tangu mwanzo. Aliyekwisha kukitumia awahamishie samaki wake kwenye maji safi na chakula safi kwa muda wa kutosha kabla ya kuwala au kuwauza, na amweleze mnunuzi ukweli.

Maji na joto

Maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya klorini humuua kifaranga. Yaache kwenye chombo kilicho wazi kwa siku nzima au zaidi kabla ya kuyatumia. Maji ya kisima na ya mvua yanafaa, ila nayo yapate hewa kwanza. Kila siku ondoa uchafu wa chini kwa mpira wa kunyonyea, na ubadili robo hadi theluthi ya maji. Usibadili maji yote kwa mara moja, wala usimimine maji ya baridi ya alfajiri juu ya samaki waliozoea maji ya mchana.

Kwa kuwa kambale huvuta hewa ya juu, wengine hudhani hajali uchafu. Ni kweli kwamba hatakufa upesi kwa kukosa pumzi, lakini amonia inayotokana na kinyesi chake humchoma mashavu na kumzuia kukua, nayo haionekani kwa macho. Harufu kali, povu lisilopasuka juu ya maji, na samaki wanaosimama wima wakielea ni ishara kwamba umechelewa kubadili.

Kuhusu baridi, njia za kawaida zinatosha. Weka tangi ndani ya chumba cha jiko au lilingane na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Tangi jeusi huhifadhi joto kuliko jeupe. Usiku lifunike kwa turubai, ukiacha nafasi ya hewa kati ya kifuniko na maji, kwani kambale akikosa hewa ya juu huweza kufa. Kifuniko kiwe na uzito au wavu, maana kambale huruka na kutambaa, na asubuhi utamkuta sakafuni. La muhimu zaidi ni majira. Anza mwezi wa Septemba au Oktoba, jua linaporudi, ili vifaranga wavuke utoto wao katika miezi ya joto na baridi ya Juni iwakute wakubwa. Anayenunua vifaranga mwezi wa Mei anaanza safari kwa mlima.

Kununua, kusafirisha na magonjwa

Anayeanza asinunue watoto wa siku chache hata wakiwa rahisi. Achukue vifaranga wa gramu 5 na zaidi, waliolingana, kutoka kwa mzalishaji anayejulikana. Serikali ina kituo cha ukuzaji viumbe maji Kingolwira, Morogoro, na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, hutoa mafunzo katika kampasi zake kama Mbegani na Nyegezi. Afisa uvuvi wa halmashauri yako ndiye mtu wa kwanza wa kumwendea, naye atakueleza pia masharti ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Safari ya kutoka mbali ina adabu zake. Samaki wasilishwe siku moja kabla, dumu lisijazwe maji pomoni bali libaki na nafasi ya hewa, na safari iwe ya usiku au alfajiri. Wakifika, elesha mfuko au dumu ndani ya tangi kwa nusu saa, ukiongeza maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo uwaachie.

Ukiona madoa meupe, mapezi yaliyochakaa au utando kama pamba juu ya ngozi, mtenge mgonjwa na ubadili maji. Chumvi ya kawaida, gramu 2 hadi 3 kwa kila lita ya maji, husaidia katika hali nyingi nyepesi. Usimwage tangini vidonge vya antibayotiki vilivyobaki nyumbani. Havimtibu samaki wako, na huwazoesha vijidudu dawa ambazo mtoto wako atazihitaji kesho.

Kambale wa sebuleni

Kwa wale walioweka kambale mmoja au wawili kwenye tangi la kioo ili watoto watazame, tunawakumbusha kwamba samaki huyu huweza kufikia zaidi ya mita moja porini. Tangi la lita 60 linamtosha kwa miezi michache tu, na hakai pamoja na samaki wadogo wa mapambo. Utawanunua Jumamosi, na Jumatatu hutawaona. Sote tunakijua kisa alichotusimulia Mtume, rehema na amani zimshukie, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Kiumbe kilichofungiwa hakina pa kwenda kulalamika. Anayemfunga ndiye mdhamini wa riziki yake.

Wala tusidhani kwamba akizidi ukubwa dawa ni kwenda kumwachia katika Ziwa Tlawi au Ziwa Basotu. Nchi yetu ilipata funzo kubwa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa hawapatikani popote duniani ila humo, zilikuwa zimetoweka. Fedha ya sangara imejenga nyumba nyingi, lakini furu waliopotea hawarudi. Mwindaji anayehamishwa na mkono wa binadamu hajui mpaka. Kambale aliyezidi tangi aliwe au auzwe, asitupwe ziwani.

Kwa muhtasari, ndugu msomaji: wahesabu samaki wako kila wiki, wapime, wachambue kwa ukubwa, walishe kwa mizani, na uwakinge na baridi. Ukifanya hivyo na idadi ikapungua, unayo haki ya kutafuta sababu nyingine. Usipofanya, usimtazame mtoto wa mtu kwa jicho la wizi kabla hujaangalia midomo ya samaki wako.

Yule kijana, kwa habari za karibuni, bado yupo kwa mjomba wake na bado yupo darasani. Tangi sasa lina pande mbili zilizogawanywa kwa wavu, na daftari la hesabu za kila Jumamosi analiandika yeye.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.